Deni la Mzamivu

Katika miji ya pwani mzamivu ni mtu ashukaye chini ya maji kutafuta lulu. Huvuta pumzi, huzama, hupapasa mchanga, na aibukapo, wenziwe waliobaki chomboni humwuliza swali moja tu: ameleta nini? Wenye elimu walipoitafutia jina la Kiswahili shahada ya juu kabisa ya chuo kikuu, waliiita Shahada ya Uzamivu. Jina hilo laahidi mambo mawili: kwamba mwenye shahada amefika chini, na kwamba amerudi na kitu.

Ahadi ya pili ndiyo isiyotimizwa katika fani moja ambayo uhai wa watu wengi huitegemea, nayo ni utafiti juu ya huduma za afya na ustawi zitolewazo na serikali za mitaa. Wazamivu wa fani hii hushuka katika vijiji vya watu, hukusanya walichokusanya, kisha huibukia mahali pengine, mbali na chombo walichoondokea. Kosa hili si la tabia ya mwanafunzi huyu wala yule. Ni kosa la mafunzo yenyewe; na maadamu mafunzo yamewekwa na watu, watu waweza kuyaweka upya. Hoja ni nyepesi kuisema ingawa ni nzito kuitenda: mtu asipewe shahada ya uzamivu kwa kuchunguza huduma za afya za halmashauri mpaka awe amejibu maswali mbele ya halmashauri hiyo, kwa lugha ambayo halmashauri hiyo huitumia katika kazi yake.

Hoja ya namna hii haifai kupimwa hewani. Na ipimwe Kisorya.

Kisorya ni kata ya Wilaya ya Bunda, katika Mkoa wa Mara, kwenye rasi iingiayo Ziwa Victoria. Barabara itokayo Bunda hukomea majini, na hapo huanza kazi ya kivuko kiendacho Rugezi, katika kisiwa cha Ukerewe. Watu wa huko hulima mihogo, huvua samaki, hufuga, hufanya biashara. Katika mwalo mmoja husikika Kijita, Kikerewe, Kikara na Kisukuma, na Kiswahili ndicho kiwaunganishacho wote. Aliyesimama Kisorya huiona ng'ambo kwa macho yake. Lakini ng'ambo hiyo ni mkoa mwingine. Ukerewe imo katika Mkoa wa Mwanza. Ina halmashauri yake, mganga mkuu wake, bajeti yake na madaftari yake.

Na achukuliwe mama mjamzito wa Kisorya ambaye hali yake imeuzidi uwezo wa zahanati. Aweza kupelekwa Bunda kwa barabara, au aweza kuvushwa kwenda Nansio, iliko hospitali ya Wilaya ya Ukerewe. Kivuko kina saa zake. Uchungu wa kuzaa hauna saa. Akivuka akajifungua salama, huandikwa katika madaftari ya MTUHA ya kituo cha Mkoa wa Mwanza, na dawa alizopewa zimetoka katika fungu la watu wa Ukerewe. Kwao Bunda yeye ni mjamzito aliyehudhuria kliniki mara kadhaa kisha akatoweka. Asipovuka, akajifungulia nyumbani au njiani, huenda asiandikwe popote. Basi na iulizwe: ni halmashauri ipi imtengee fedha mama huyo? Gari la wagonjwa lifikapo ukingoni mwa maji, ni nani mwenye wajibu wa hatua ifuatayo? Na kama hesabu za wilaya zaonyesha kwamba wajifunguao katika vituo vyake ni wachache, je, sababu ni uzembe wa akina mama, ubovu wa huduma, au ni kwamba wamejifungulia katika madaftari ya jirani?

Maswali haya si madogo. Yana hesabu ndani yake, yana sheria, yana jiografia, yana tabia za watu na mambo ya ndoa na ukwe. Kwa maana binti aliyeolewa ng'ambo hurudi kwa mama yake kujifungua, na aliyeolewa huku huvuka kwa sababu hiyo hiyo. Ni maswali ya uzamivu hasa. Lakini hayapatikani maktabani. Huyapata mtu aliyekaa ukingoni miezi mingi akaona nani anavuka na nani anarudi.

Na uchukuliwe mfano wa pili, wa kichocho, ugonjwa uliokwisha kukaa sana kandokando ya ziwa hili. Vimelea vyake hutoka kwa mgonjwa, hukua katika konokono wa majini, kisha humwingia kwa ngozi mtu mwingine achotaye, aogaye au avuaye. Dawa ipo, nayo huua minyoo iliyomo mwilini. Walakini aliyetibiwa leo akirudi katika maji yale yale kesho, huambukizwa tena. Kwa hiyo zahanati peke yake haiwezi kuumaliza. Yatakiwa kazi ya mhandisi wa maji, ya mwalimu wa shule, ya afisa wa uvuvi, ya bwana afya akaguaye vyoo. Mahali pa kuwakutanisha hao wote mezani pamoja ni pamoja: halmashauri ya wilaya. Hiyo ndiyo sababu neno afya halitoshi bila neno ustawi, na ndiyo sababu serikali ya mitaa si sehemu ndogo ya jambo hili bali ndiyo kiini chake. Maji safi, choo, barabara, mwalo, chakula cha shule na kitanda cha mzazi ni viungo vya mwili mmoja.

Je, mtafiti wa uzamivu hufikaje mahali kama Kisorya? Hafiki bila ruhusa. Pendekezo lake hupita chuoni, na likihusu afya hupita mbele ya kamati ya maadili, iwe ya chuo au ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Mgeni wa nchi hutafuta kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia. Kisha barua hushuka: chuoni hadi mkoani, mkoani hadi wilayani, wilayani hadi kwa mtendaji wa kata, kutoka kwake hadi kwa mtendaji wa kijiji, na mwisho hadi kwa mwenyekiti wa kitongoji, ambaye huacha jembe lake ili ampeleke mgeni nyumba kwa nyumba. Kila mlango una mhuri wake. Ni utaratibu mzuri, maana nyumba ya mtu haiingiwi bila hodi.

Lakini na itazamwe njia ya kurudi. Hapo hapana barua, hapana mhuri, hapana mlango. Tasnifu ikimalizika huenda kwa msimamizi, kwa watahini, kwenye rafu ya maktaba. Na sura zake zilizo bora huchapwa katika majarida ya ng'ambo. Sheria huutaka mkutano mkuu wa kijiji ukutane kila baada ya miezi mitatu. Watu husomewa mapato na matumizi, huzungumza ugomvi wa mipaka na michango ya madarasa. Ni nadra mno kuliona katika ajenda zake jambo liitwalo kupokea majibu ya utafiti. Hodi imepigwa, mgeni amekaribishwa, ameketi, amekula, amekwenda zake bila kuaga.

Kisha huja mtafiti mwingine na dodoso lingine, akauliza katika nyumba ile ile idadi ya watoto waliozaliwa na idadi ya waliokufa. Mama hujibu tena. Kwa mtafiti jibu hilo ni tarakimu moja katika safu. Kwa mama ni kulifukua kaburi. Mwenye kumfanya alifukue mara mbili pasipo kumrudishia neno lolote amemdhulumu, hata kama karatasi ya ridhaa imetiwa dole gumba.

Chanzo cha dhuluma hii kimo darasani. Mwanafunzi wa uzamivu hufundishwa kuchagua sampuli, kuunda dodoso, kutumia programu ya takwimu, kuwataja wenye nadharia waliozaliwa mbali, na kuandika Kiingereza kisichomkera mtahini. Yote hayo yana faida, wala hapana mwenye akili atakayeyatupa. Walakini hafundishwi kuisoma bajeti ya halmashauri fungu kwa fungu. Hafundishwi maana ya zahanati kuwa na mabwana wawili: miongozo ya tiba hutoka Wizara ya Afya, lakini mganga mkuu wa wilaya yuko chini ya mkurugenzi wa halmashauri, na halmashauri iko chini ya TAMISEMI. Haambiwi kwamba tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya zilianza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti za vituo, na kwamba tangu hapo kamati ya kituo, yenye wanakijiji ndani yake, ikawa na neno la kusema juu ya ununuzi wa dawa na ukarabati wa paa. Hafundishwi kukaa kimya katika kamati ya maendeleo ya kata tangu asubuhi hadi alasiri, aone jinsi hoja ya choo cha zahanati ishindwavyo na hoja ya barabara, na kwa nini.

Tena vyuo vimegawanya kilichoungana. Mwanafunzi wa kitivo cha tiba huona ugonjwa asione baraza. Mwanafunzi wa utawala huona baraza asione mgonjwa. Mwanafunzi wa uchumi huona fedha asione mtu. Kila mmoja hutoka na tasnifu iliyo sahihi katika mipaka yake, na tasnifu tatu zilizo sahihi hazifanyi jambo moja la kweli. Diwani anayeketi Bunda akitaka kujua afanye nini juu ya mama wa Kisorya, hapati jibu katika yoyote kati ya hizo tatu, hata kama angezisoma. Na hazisomi, kwa kuwa hajui kwamba zipo.

Ubaya huu waonekana zaidi mtu akikumbuka kwamba nchi hii haikuwa na uchache wa mawazo juu ya serikali za mitaa. Mwaka 1953 ilianzishwa Mzumbe shule ya kuwafundisha watawala wa kienyeji na watumishi wao. Shule hiyo ilikua ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo mwaka 1972, na mwaka 2001 ikawa Chuo Kikuu. Mwaka huo huo wa 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa, kazi zao zikachukuliwa na maofisa wa serikali kuu. Sheria ya kuzirudisha ilitungwa mwaka 1982, nazo zikaanza kazi tena mwaka 1984. Chombo kilichovunjwa kikaundwa tena hupoteza kumbukumbu. Watumishi wake nao huhamishwa, na kila ahamaye huondoka na aliyoyajua. Tasnifu za uzamivu zingeweza kuwa kumbukumbu ya halmashauri, mahali ambapo afisa mpya angesoma kile ambacho mwenziwe alikwisha kujaribu, na kwa nini hakikufaulu. Badala yake zimekuwa kumbukumbu ya watu wengine.

Wala haisemwi hapa kwamba utafiti hauwezi kuifaa halmashauri. Ushahidi wa kinyume upo, nao ulipatikana katika ardhi hii hii. Katika miaka ya 1990 Wizara ya Afya, pamoja na shirika la Kanada la utafiti wa maendeleo, iliendesha mradi ujulikanao kwa kifupi kama TEHIP katika wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini. Swali lake lilikuwa swali la mwenye duka: je, fedha za afya zinatumika kwa magonjwa yanayowaua watu? Ilionekana kwamba huko Morogoro malaria ilichukua kama asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini katika bajeti ya mwaka 1996 ilipewa asilimia 5 tu. Timu za afya za wilaya zilipewa hesabu hizo kwa michoro iliyo wazi, zikapewa nyongeza ndogo ya fedha, zikaachwa zipange zenyewe. Zilipanga upya. Katika miaka iliyofuata vifo vya watoto katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Mwenye insafu atasema kwamba sababu za kupungua huko zilikuwa nyingi, na ni kweli. Lakini hakuna awezaye kukana kwamba fedha zilihama kwa sababu watu wa wilaya walijionea wenyewe, katika karatasi waliyoweza kuisoma, kile walichokuwa wakikifanya bila kujua.

Ng'ambo ya Kisorya, katika Mkoa wa Mwanza, kulifanyika kazi nyingine ya sifa kati ya mwaka 1991 na 1994. Watafiti walitaka kujua kama kuyatibu vema magonjwa ya zinaa kutapunguza maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI. Hawakujenga kliniki za fahari. Waliwafundisha wahudumu wa vituo vya afya na zahanati zilizokuwapo, wakahakikisha dawa zafika. Maambukizi mapya yalipungua kwa takriban asilimia 40, na habari hiyo ilipotolewa mwaka 1995 ilisomwa duniani kote. Kazi hizo mbili, ya Mwanza na ya Rufiji na Morogoro, zafundisha jambo moja: elimu iliyopita mikononi mwa mhudumu wa zahanati na mpangaji wa wilaya iliokoa watu. Ajabu ni kwamba kilichofanywa na miradi mikubwa kwa fedha nyingi hakikugeuzwa kuwa kanuni ya kumlea kila mtafiti mmoja mmoja. Miradi huisha. Mafunzo ya uzamivu yaendelea kila mwaka.

Liko pia somo la zamani zaidi, nalo latoka kisiwani pale pale ambapo kivuko cha Kisorya hutia nanga. Aniceti Kitereza, mwana wa Ukerewe, alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe riwaya kubwa juu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke waliokosa mtoto. Humo mna ukwe na ugomvi wake, mna waganga na dawa zao, mna kilimo, uvuvi, chakula, ugonjwa na matanga. Msomaji akiuliza watu wa maji yale walielewa nini kwa neno ustawi, atapata jibu lililo pana kuliko dodoso lolote: kuwa mzima ni kuwa na mwili, na watoto, na wakwe wanaosemezana, na akiba ghalani. Kitereza hakuwa na shahada ya uzamivu, lakini alizama. Na kitabu chake kilingoja. Alikifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikachapwa Dar es Salaam mwaka 1980, miaka 35 baada ya kuandikwa. Naye alifariki mwaka 1981. Hiyo ndiyo adhabu ya elimu iliyoandikwa kwa ajili ya watu wa karibu, kungoja. Tasnifu iliyoandikwa kwa ajili ya watu wa mbali haingoji hata siku moja, lakini kwa watu wa karibu haifiki kamwe.

Wako watakaoipinga hoja hii, na hoja zao zastahili kujibiwa.

Wa kwanza watasema Kiswahili hakitoshi kwa elimu ya juu kiasi hicho. Hao wamechelewa. Mwana wa Butiama, katika Mkoa huo huo wa Mara, Julius Nyerere, alimfasiri Shakespeare kwa Kiswahili na kuchapwa mwaka 1963, na mara nyingine mwaka 1969. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tasnifu za uzamivu zimekwisha kuandikwa na kutahiniwa kwa Kiswahili. Mwaka 2021 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, mahali ambapo neno moja laweza kumfunga mtu au kumwachia. Halmashauri yenyewe hupanga kwa Kiswahili: bajeti, rufaa, chanjo, lishe, kinga, ruzuku, yote hayo ni maneno ya kila siku katika mihtasari yake. Lugha iliyotosha kumwuliza mama maswali arobaini yawezaje isitoshe kumpa jibu moja? Wala haidaiwi kwamba kila tasnifu iandikwe yote kwa Kiswahili. Yadaiwa kwamba mtu awe na uwezo wa kuyasema aliyoyagundua kwa lugha ya wale aliowauliza. Asiyeweza hilo huenda hakuyaelewa.

Wa pili watasema, kwa haki zaidi, kwamba halmashauri si malaika. Mtafiti akigundua kwamba dawa zimepotea, au kwamba kituo kimejengwa penye kura nyingi badala ya penye wagonjwa wengi, je, atathubutu kuyasema mbele ya wahusika ikiwa shahada yake yategemea kikao chao? Hofu hii ni ya kweli, na dawa yake ni kuitenga hukumu na usikivu. Shahada itolewe na chuo, wala halmashauri isiwe na uwezo wa kuizuia. Lakini isikie, iulize, ijibu. Na jibu lake, hata likiwa la hasira, liambatishwe nyuma ya tasnifu lisomwe na watahini. Mtafiti ambaye maneno yake hayakuwahi kukutana na ubishi wa mhusika hajui kama ni ya kweli. Tena siri humfaa mwovu kuliko jambo lililosemwa hadharani: dawa zilizopotea zikiandikwa kwa Kiingereza katika jarida la mbali, aliyezipoteza hulala usingizi mnono.

Wa tatu watasema wanakijiji hawana elimu ya kumpima mtafiti. Hapana asemaye wapime hesabu zake. Wataupima ukweli wa mambo wanayoyaishi. Akisema kwamba akina mama wa Kisorya hawaendi zahanati kwa sababu ya mila, mama mmoja aweza kusimama akasema kwamba alikwenda, akakuta mlango umefungwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mtahini wa ng'ambo hakukilalia.

Wa nne watalia juu ya muda na fedha. Lakini gharama ya siku moja ya baraza ni ndogo kuliko gharama ya wiki moja ya kukusanya takwimu, na fedha za kukusanya hazikosekani. Huko England, kazi ya kuilinda afya ya umma ilirudishwa kwa halmashauri mwaka 2013, na baadaye taasisi yao ya taifa ya utafiti wa afya ikaweka ufadhili wa uzamivu kwa watumishi wa halmashauri zenyewe, wasome pasipo kuachana na kazi zao. Nchi yenye vyuo vya miaka mia nane imeona kwamba mtafiti bora wa halmashauri aweza kutoka ndani ya halmashauri. Haifai jambo hilo liigwe kwa sababu limetoka huko. Lafaa lifikiriwe kwa sababu ni la busara, na huku lingefaa hata zaidi, ambako mganga msaidizi aliyekaa miaka kumi katika zahanati ya kando ya ziwa ana maswali mengi kuliko kitivo kizima.

Mabadiliko yanayotakiwa, basi, ni haya. Mwanafunzi wa uzamivu wa fani hii akae na halmashauri mwaka mzima kabla ya kulifunga swali lake, ahudhurie vikao, asome madaftari ya MTUHA na bajeti, avuke na wagonjwa. Swali litoke huko. Mmoja wa wasimamizi wake awe mtu wa kazi hiyo: mganga mkuu, muuguzi, afisa mipango au afisa ustawi wa jamii, naye alipwe heshima ya msimamizi, si ya msaidizi wa kuonyesha njia. Kazi ikimalizika, barua irudi kwa milango ile ile iliyoshukia, yaani kitongoji, kijiji, kata, wilaya na mkoa, na katika kila mlango pawe na siku ya kusikia na kujibu. Halmashauri zenyewe nazo zitenge nafasi, hata moja kwa miaka kadhaa, ya kumpeleka mtumishi wao kusoma uzamivu juu ya swali lao, kwa sharti la kurudi. Na kitivo cha tiba, cha utawala na cha uchumi vikubali kumlea mwanafunzi mmoja kwa pamoja, kama halmashauri inavyolazimika kumlea mtoto mmoja kwa maji, kwa chanjo na kwa shule.

Hayo yakifanywa, mtafiti wa Kisorya hatarudi na sura tano tu. Atarudi na karatasi moja ambayo madiwani wa Bunda na wa Ukerewe wataweza kuitazama pamoja: akina mama wangapi huvuka, saa ngapi, kwa hali gani, nani hulipa, na nini kifanywe ili mikoa miwili isimpoteze mtu mmoja katikati ya maji. Pengine madiwani hawatafanya lolote. Lakini hawataweza tena kusema hawakujua, na aliyewajulisha ataweza kuvaa joho lake mbele ya mtu yeyote katika mwalo ule.

Bila hayo, kila mahafali huongeza idadi ya wadaiwa. Wameazima muda wa wakulima, siri za nyumba na majina ya marehemu, na wameyageuza kuwa vyeo. Wahenga walikwisha kusema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema ni kuliandikia tasnifu nyingine.